Chumba cha 36

Sisi wa Iyunga tumelelewa na Wachina wa aina mbili. Wa kwanza ni Wachina wa reli. Hao hatukuwaona kwa macho, tulisimuliwa na wazazi: watu wa kuamka kabla ya jogoo, kofia pana kichwani, wanashika koleo wenyewe hata kama ni wahandisi. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, njia ikakamilika 1975, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande kilichotoa watu jasho kuliko vyote ni kile cha kupanda kutoka Mlimba kuja Makambako, mahandaki na madaraja yamefuatana kama shanga. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini. Stesheni ya Mbeya wakaiweka huku upande wetu, kando ya barabara ya Tunduma, mbali na mjini.

Wa pili ni Wachina wa kideo. Hao tuliwaona sana. Nyumba ya tope, madirisha yamezibwa kwa magunia, deki moja, televisheni moja, mabenchi yasiyo na egemeo, na mlangoni jamaa anayekusanya kiingilio bila kuangalia sura ya mtu. Ndani ni giza na joto la pumzi, jambo ambalo kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita halikuwa baya hata kidogo. Picha inaanza, stelingi anapigwa mpaka unamwonea huruma, halafu anakwenda milimani kwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anafunzwa, anarudi, anapiga wote. Wakorofi wa mabenchi ya nyuma wanashangilia. Wewe unarudi nyumbani unapiga teke migomba ya watu.

Ndugu msomaji, siku hizo nani alijua kwamba picha ina mwongozaji? Tulijua stelingi na tulijua adui, basi. Majina yaliyopita mwanzoni tuliyaona kama matangazo ya biashara, ndiyo nafasi ya kutafuta pa kukaa. Ila jina moja lilikuwa linarudi rudi, na lilinisumbua kwa sababu halikuwa na sura moja. Kwenye kasha la mkanda huu limeandikwa Liu Chia-liang, kwenye kasha jingine Lau Kar-leung. Nilidhani ni watu wawili, labda ndugu. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za sinema, nikaelewa kwamba ni mtu mmoja na herufi zake za Kichina ni zile zile. Tofauti ni mdomo unaozisoma. Liu ni Kimandarini, lugha ya taifa. Lau ni Kikantoni, lugha ya kwao, kusini, jimbo la Guangdong.

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti, maana habari hiyo ilinihusu.

Lau Kar-leung alizaliwa Guangzhou mwaka 1934. Baba yake, Lau Cham, alikuwa mwalimu wa ngumi za kusini, mtindo wanaouita Hung Gar. Lau Cham alifunzwa na Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alifunzwa na Wong Fei-hung, mganga na mpiganaji wa Guangdong ambaye watu wa kule wanamtaja kama sisi tunavyomtaja Mkwawa. Kwa hiyo mtoto yule alianza kujifunza akiwa tayari na ukoo wa walimu mgongoni. Familia ilihamia Hong Kong, na kuanzia mwaka 1949 zilipoanza kutengenezwa sinema za Wong Fei-hung, zaidi ya 70 kwa jumla zikiwa na mchezaji yule yule Kwan Tak-hing, baba na mwana walikuwamo. Lau akapanda polepole: mpigwaji, mpangaji wa mapigano, na hatimaye mwaka 1975, chini ya kampuni ya Shaw Brothers, akaongoza picha yake ya kwanza. Alifariki Juni 2013.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Wong Fei-hung alikuwa Mkantoni. Lau Mkantoni. Ngumi za Kikantoni, mitaa ya Kikantoni, hadithi za Kikantoni. Lakini picha za Shaw za miaka ile zilizungumza Kimandarini. Ndicho kilichokuwa na soko, ndicho kilichokuwa na heshima. Wachezaji walichezea midomo tu, sauti ikabandikwa baadaye. Kisha kwa ajili yetu sisi wa mbali ikabandikwa sauti nyingine ya Kiingereza, mdomo umeshafunga na maneno bado yanatoka. Na ilipofika Tanzania, akaketi mtu mbele ya skrini kutafsiri kwa Kiswahili. Dar es Salaam kina Lufufu na DJ Mark walijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo, wanatia chumvi, wanatia na mitaa ya Manzese. Hesabu mwenyewe: mambo ya kijiji kimoja cha kusini mwa China yamevuka lugha tatu ili yamfikie mtoto wa Iyunga, na bado mtoto yule alielewa kwamba hapa mwanafunzi anamheshimu mwalimu wake. Mwili ulikuwa umehifadhi kile ambacho ulimi ulinyang'anywa. Namna ya kusimama, namna ya kufumbata ngumi moja ndani ya kiganja kabla ya kupigana: hivyo Lau hakukubali vibandikwe juu yake kitu kingine.

Wengi wanaosifu picha zake husifu kasi. Mimi naona kilichomtofautisha ni kwamba watu wake wanapigana wakiwa ndani ya familia. Ndani ya ngumi zake yumo Confucius, mzee wa Lu, yule aliyekufa mwaka 479 kabla ya Kristo. Wafuasi wake walihesabu mahusiano matano yanayoshikilia dunia: mtawala na mtawaliwa, baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Kila upande una wajibu wake. Kwenye shule za ngumi mahusiano hayo yakahama na vyombo vyote: mwalimu anaitwa sifu, neno lenye ualimu na ubaba ndani yake, na aliyekutangulia kufunzwa unamwita kaka hata kama umemzidi miaka. Gordon Liu, kipara wetu mpendwa, hakuzaliwa katika ukoo wa Lau. Alikuwa mwanafunzi wa mzee Lau Cham, akafanywa mwana, akachukua na jina.

Kuna kichekesho cha historia hapa ambacho siwezi kukipita. Mwaka 1974, wakati Wachina wa reli bado wako kazini, kwao China kulikuwa na kampeni ya kumlaani Confucius hadharani, yeye pamoja na Lin Biao. Alitangazwa kuwa mzee wa mabwana, adui wa maendeleo. Mwaka uliofuata, Hong Kong, chini ya bendera ya Mwingereza, Lau akaanza kuongoza picha zilizojaa adabu za mzee huyo huyo. Kwa hiyo Wachina wetu wawili wa Iyunga, wa reli na wa kideo, wakati ule hata wasingekaa meza moja! Lakini ukimuuliza mzee yeyote aliyefanya kazi na wale wa reli atakuambia walifundishaje: hawakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo fundi alishika spana, akafanya, akakupa spana, ukafanya, akatikisa kichwa, ukarudia. Kurudia mpaka mkono ujue. Kulaani jina la mzee ni rahisi kuliko kufuta mazoea yake mikononi.

Picha yake inayojulikana zaidi ni The 36th Chamber of Shaolin, ya mwaka 1978. Kijana wa Guangdong, mwana wa muuza samaki, anakimbia utawala wa Wamanchu uliomuulia watu wake. Anaingia hekalu la Shaolin kutafuta ngumi za kisasi. Hekalu lina vyumba 35 vya mafunzo. Yeye, kama kijana yeyote mwenye haraka, anachagua chumba cha juu kabisa kwanza. Anatupwa nje. Anaambiwa aanzie chini, na chini kabisa ni kuruka juu ya magogo yanayoelea majini ili afike penye chakula. Wiki hizo halali njaa kwa hiari. Baadaye anabeba ndoo za maji mikono imenyooka, na visu vimefungwa kwenye mikono ili akiishusha ajichome mwenyewe. Sehemu kubwa ya picha ni hiyo. Mapigano ya kisasi, ambayo mwongozaji mwingine angeyafanya ndiyo karamu, kwa Lau ni kama kunawa baada ya kula.

Lakini tazama mwisho wa mafunzo. Kijana, sasa mtawa San Te, amemaliza vyumba vyote 35, na wakubwa wanampa achague chumba cha kukisimamia. Anajibu kwa heshima zote kwamba anataka kuanzisha cha 36, kitakachofundisha watu wa kawaida, huko nje. Ni ombi la kuvunja sheria: ngumi za hekalu hazitoki hekaluni. Mkuu wa hekalu anafanyaje? Anamtoa nje kama adhabu, eti akatembeze bakuli la sadaka. Na huko nje ndiko walipo wanafunzi wa chumba cha 36. Sheria haikuvunjwa, na kijana amepata alichoomba. Mzee ameokoa uso wa sheria na kijana ameokoa roho ya sheria. Hata Confucius wa vitabuni hakumtaka mwana awe gogo: alifundisha kwamba mzazi anapopotoka mwana amweleze kwa upole, asipomsikia aendelee kumheshimu wala asichoke kumweleza.

Wapo watakaosema: haya ni ya Wachina, kwetu yanahusu nini? Basi ngoja nikupe picha nyingine, My Young Auntie, ya mwaka 1981. Binti mtumishi anaolewa na mzee anayekaribia kufa ili mali isiangukie ndugu mlafi. Mzee anakufa, binti anasafiri hadi Guangdong kukabidhi hati kwa mpwa wa marehemu mume wake. Mpwa mwenyewe ni mtu mzima wa makamo, anachezwa na Lau mwenyewe, na inambidi ampigie magoti shangazi ambaye angeweza kuwa binti yake. Mwana wa mpwa, msomi wa Hong Kong, gitaa mkononi na Kiingereza cha kuokoteza, ndiye anayepata taabu zaidi. Kideo chetu kilicheka mpaka mabenchi yakalia. Mimi sikucheka sana. Mimi ninaye baba mdogo niliyemzidi miaka tisa.

Ni kitinda mimba wa babu kwa mke wake wa mwisho. Baba alipofariki, mtoto yule alikuwa darasa la sita. Siku ya matanga aliketishwa kwenye mkeka wa wazee, mahali pa mdogo wa marehemu, miguu yake na soksi za shule. Wakwe walikuja mmoja mmoja wakamshika mkono kwa mikono miwili. Na mimi nikamwamkia, "Shikamoo baba mdogo," naye akaitikia marahaba kwa sauti isiyojua bado itue nene au nyembamba. Mtu wa kando angecheka. Lakini ukoo ulikuwa unasema jambo kubwa: nafasi ni kubwa kuliko anayeikalia, na anayeikalia atakua aijaze. (Na tumpe haki yake Kara Hui, aliyecheza shangazi yule. Utaratibu wa Confucius haukuwabembeleza wanawake, lakini Lau alimpa mwanamke upanga, na mwaka 1982 Kara Hui akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa kike katika tuzo za kwanza za filamu za Hong Kong.)

Hata hivyo, wazee wetu wa Rungwe hawakuwa Wachina. Confucius alitaka baba na mwana chini ya paa moja. Wanyakyusa waliona paa moja ni hatari. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi au kumi na mmoja hivi aliondoka kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika pembeni mwa kijiji, wakajenga vibanda vyao. Kula bado ni kwa mama zao, kwa zamu, kundi zima. Vibanda vikawa nyumba, wakaoa, pakawa kijiji kamili cha watu wa umri mmoja. Hiyo iliwaweka mbali mkwe wa kiume na mke wa mwanawe, maana wale hawakutakiwa kuonana. Na mara moja kwa kila kizazi ilikuja ubusoka, sherehe ya wazee kukabidhi nchi kwa wana wao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwetu na mume wake miaka ya 1930, aliyaandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1951. Hicho nilikisoma maktaba, kwa Kiingereza, na nilisikia wivu. Babu yangu alikuwa hai, aliijua ile hali ya vibanda kwa simulizi za baba yake, na mimi nasoma mambo ya ukoo wangu kwa mgeni.

Nikaamua kuyaandika. Kwa Kiswahili, kwenye gazeti dogo la vijana kama hili. Nikaenda kwa babu kuomba. Kilikuwa kikao kabisa: babu, wazee wawili, na baba mdogo, wakati huo kidato cha pili.

"Kijana," babu akasema, "maneno ya kwetu yanajua Kiswahili?"

"Hayajui, babu. Ndiyo maana nataka yafundishwe."

Mzee mmoja akaguna kwamba vijana wa mjini wanauza kila kitu, wamemaliza mbao sasa wameingia kwenye midomo ya wazee. Hakukosea kuogopa. Wangapi wamekuja na redio za kurekodi, wakaondoka, hatujaona hata karatasi? Nilikaa kimya. Baba mdogo ndiye aliyesema, akimtazama babu:

"Baba, asipoandika yeye, mimi nitamsimulia nani? Mimi mwenyewe sijui hata nusu."

Hukumu ya babu ilikuwa hivi. Ya tambiko, hapana, hayo hayatoki. Ya vijiji vya vijana, nenda nayo. Lakini kila ninachoandika, kabla hakijaenda kokote, nije nimsomee, tena kwa lugha yetu.

Nilidhani hilo la mwisho ni dogo. Lo! Ndizo zilikuwa ndoo za maji na visu mikononi. Naandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja, naona umependeza, umejaa "mustakabali" na "fahari ya jadi". Nafika kwa babu, nageuza kwa Kinyakyusa, sentensi ya kwanza tu inaporomoka. "Fahari ya jadi" ndiyo nini? Nani alikuwa nayo, aliishika kwa mkono gani? Sentensi zilizokuwa na sauti kubwa ndizo zilizokuwa tupu. Zile za ndizi, ng'ombe, mvua na usiku wa kuota moto zilivuka bila kulowa. Kuna neno pia lililokataa kuvuka kwenda upande wa huku. Ukwangala. Ni ile raha ya kukaa na wenzako wa rika, kula pamoja, kuzungumza mpaka akili zinanolewa, na kwa wazee ilikuwa ndiyo sababu hasa ya kuwa na kijiji. Nimejaribu "urafiki", nimejaribu "maongezi", nimejaribu mpaka "kijiwe". Babu alitikisa kichwa kwa yote. Nikaliacha neno lenyewe katikati ya Kiswahili, limesimama kwa miguu yake, kama Lau alivyoiacha ngumi ya Kikantoni isimame katikati ya sauti ya Kimandarini.

Ipo picha ya Lau ya mwaka 1977, Executioners from Shaolin, inayonirudia kila nikikwama. Baba ni bingwa wa mtindo wa chui milia, mama wa mtindo wa korongo. Mtoto anafunzwa na mama. Baba anauawa na adui, anamwachia mwanawe kitabu cha mtindo wake, na kitabu kimetobolewa na wadudu. Kurasa zina mashimo. Mtoto anasoma kinachosomeka, na penye shimo anatia alichojifunza kwa mama. Kwa ngumi hiyo ya mchanganyiko anamshinda adui ambaye baba kwa ngumi yake safi hakumweza. Huo ndio urithi tulio nao wengi wetu, vijana wa mjini wa Mbeya na Iringa: kitabu chenye mashimo. Wanaosema tusiguse mpaka kipatikane kizima wanatuambia tusiguse kamwe. Wanaosema tukitupe kwa kuwa kimeliwa hawajasoma kurasa zilizobaki.

Kwa hiyo wewe unayeandika usiku kwa kibatari au kwa mwanga wa simu, mimi sina chuo cha kukupeleka. Nina zoezi moja tu. Andika kwa Kiswahili chako kizuri, kisha mtafute mzee mmoja, wako au wa jirani, umgeuzie ukurasa wako kwa lugha aliyolelewa nayo. Akikuuliza "ndiyo nini?" usijitetee, futa. Akicheka mahali ulipotaka acheke, weka alama. Na akikukatalia jambo, rudi kesho na heshima ile ile na ombi lile lile. Huenda akakufukuza na bakuli mkononi. Chukua bakuli, toka, halafu tazama vizuri umefukuzwa kuelekea wapi.